Sura ya Tisa: "Nimeacha Mpira kwa Ajili Yako"

Mkia wa samaki ulikuwa mezani, umefungwa vizuri kwa karatasi nyeupe na utepe mwekundu, na mzee Hamatani Tokuji alikuwa ameutazama muda mrefu bila kuugusa. Mkewe, Yaeko, alisimama nyuma yake akikunja na kukunjua kitambaa cha jikoni. Binti yao, Misuzu, ndiyo kwanza alikuwa anafunga aproni ashuke dukani.

"Nani kaleta hiki?" baba aliuliza.

"Ryogo," mama alisema. "Kaja mlango wa nyuma ulipokuwa mnadani. Kainama mpaka nikaona kisogo, kasema ahsanteni sana kwa samaki, hii ni nusu yenu. Kaondoka."

"Nusu?"

"Ndivyo alivyosema."

"Yaeko, wewe ni mke wa muuza samaki. Hii ni nusu?"

Mama alikikunja tena kile kitambaa. Pale mjini Himi, Desemba radi zikishaanza kupiga baharini na buri, wale samaki wakubwa wa majira ya baridi, wakashuka wamenona, nyumba inayoozesha binti hupeleka buri mzima kwa mume wa binti. Mkwe humpasua toka kichwani hadi mkiani, akabaki na ubavu mmoja, wa pili akaurudisha kwa wakwe. Basi, undugu umeshafungwa. Mambo hayo hata mtoto wa darasa la pili anayajua. Ryogo alikuwa amemlaza yule samaki akamkata kiunoni, vipande viwili, kama anayepasua kuni. Kichwa akabaki nacho yeye. Mkia akawaletea wakwe.

"Kamkata kiunoni," baba alisema, na sauti yake ikaanza kupanda. "Kumkata kiunoni ni kuvunja! Binti hajaingia ndani, uchumba umeshakatwa vipande! Tena mkia! Mimi Tokuji niuze samaki maisha yangu yote, niletewe mkia!"

"Baba, labda hakujua," Misuzu alisema.

"Hakujua? Kakaa hapa miaka mingapi huyo mchezaji wako? Basi sema hivi: kama hakujua, ni mjinga, na duka langu simpi mjinga. Kama alijua, ni mshenzi, na binti yangu simpi mshenzi. Chagua moja."

Misuzu alivua aproni. Kusema kweli hata yeye hakuwa na uhakika ni lipi kati ya hayo mawili. Alivaa koti, akavaa mabuti ya theluji, akatoka bila kuaga.

Haraka ya samaki ilikuwa ya baba mwenyewe. Harusi ilikuwa bado, ilipangwa majira ya maua. Lakini wiki iliyopita gazeti la mkoa liliandika kwamba Shiiba Ryogo, beki wa kushoto wa timu ya mji, anatundika daluga akiwa na miaka thelathini na minne, ingawa klabu ilimtaka abaki msimu mmoja zaidi. Sababu aliisema mwenyewe: anaoa, anataka kuingia katika kazi ya familia ya mke wake. Baba alisoma habari ile kwa sauti, akaikata, akaibandika dukani karibu na mizani. Mchezaji mzima, mwenye jina lake, ameacha mpira ili aje kuuza samaki kwa Hamatani! Mnadani alitembea kifua mbele. Buri wa kwanza mkubwa alipotua tu, akamnunua na kumpeleka kwa mkwe, mila baadaye.

Kwa Misuzu mambo yalikuwa tofauti kidogo. Wateja walianza kumtazama.

"Kumbe ndiye wewe uliyetunyang'anya beki wetu," bibi mmoja alimwambia huku akichagua dagaa.

"Mimi sijamnyang'anya mtu, bibi."

"Ah, usione haya. Ningekuwa na ndoano kama yako ujanani, nisingeolewa na fundi bomba."

Watu walicheka, na Misuzu alicheka pia. Usiku hakucheka. Alikuwa hajamwomba Ryogo aache mpira hata siku moja. Alijaribu kukumbuka kama aliwahi kulidokeza, kwa neno au kwa kununa, na hakukumbuka. Lakini mji mzima ulijua kwamba yeye ndiye sababu, na baada ya siku chache alianza kuamini hivyo mwenyewe.

Ryogo alikaa ghorofa ya pili, nyumba za kupanga nyuma ya uwanja wa mazoezi. Alifungua mlango akiwa amevaa fulana, kidole gumba kimefungwa bandeji nene.

"Misuzu! Wamepokea? Baba kasemaje?"

"Kasema wewe ama ni mjinga ama ni mshenzi. Nimekuja kuuliza ni lipi."

"He! Nimefanya nini?"

Alimpita akaingia ndani. Jikoni kulikuwa na vita. Damu ya samaki ukutani, magamba sakafuni, kisu kimelala juu ya taulo la timu, na ndani ya sinki kile kichwa cha buri, kimekodoa macho. Misuzu alishika kiuno.

"Ulimkata kwa nini kiunoni?"

"Nilitaka nusu zilingane. Nilipima kwa rula."

"Kwa rula!"

"Sasa? Nusu si nusu? Kwetu Kumamoto milimani samaki tunamjua akiwa kwenye sahani."

"Ubavu, Ryogo. Ubavu kwa ubavu, kutoka kichwa hadi mkia. Kumkata katikati ni kusema uchumba umekwisha. Na umempa baba mkia!"

Ryogo alishika kichwa kwa mkono wenye bandeji. "Nilidhani kichwa ndicho cha kutupa," alisema kwa sauti ndogo. "Nikaona aibu kumpa mzee kitu cha kutupa."

Hapo Misuzu alicheka. Hakutaka, lakini kicheko kilimtoka, na Ryogo naye akacheka kwa kumwona anacheka, na kwa kitambo wakawa kama walivyokuwa tangu mwanzo, yeye nyuma ya kaunta na Ryogo mbele yake akinunua samaki wa makareli asiowahitaji. Alimtazama pale, amechafuka magamba mpaka kwenye nyusi, na moyo ukamlainika. Mjinga, basi. Mjinga anafundishika. Angempeleka kwa baba, angeinama, angetukanwa kidogo, yangekwisha.

Simu ya Ryogo ililia. Aliitazama, akasita, akasema, "Ni Kocha Uemura, samahani," akaenda nayo chumbani na kuvuta mlango. Mlango wenyewe ulikuwa wa karatasi iliyobandikwa kwenye fito. Misuzu alianza kufuta ukuta na akasikia kila neno.

"Ndiyo, Kocha... Nimesikia mmepanda daraja, hongera... Mimi? Hapana, Kocha, nashukuru sana, lakini nimeshaamua... Magoti hayana shida, mazima kabisa... Najua ni msimu mmoja tu... Tatizo siyo mimi. Ni huku ukweni. Mchumba wangu hataki kusikia habari hizo. Mzee wake ndiyo kabisa... Ningekuwa peke yangu ningekuja hata leo."

Misuzu aliacha kufuta. Alisimama na kitambaa kinachonuka samaki, na kila alichokisikia kilimwingia polepole, kimoja kimoja. Ryogo aliporudi alimkuta amekaa kwenye meza fupi, koti bado mwilini.

"Timu gani?" aliuliza.

"Ya huko kwetu kusini. Ya kawaida tu. Achana nayo."

"Mchumba wako hataki kusikia?"

Ryogo alikaa chini. "Ulisikia?"

"Mlango wa karatasi, Ryogo! Lini nilikwambia sitaki?"

"Ni namna ya kusema tu. Mtu akikuita, huwezi kumwambia hapana kavu. Unampa sababu."

"Na sababu ndiyo mimi. Gazetini ni mimi, kwa kocha ni mimi, dukani bibi wananiuliza ndoano nimeinunua wapi. Miaka ishirini ijayo ukiwa umelewa, sababu itakuwa nani?"

"Mimi silewi."

"Nijibu!"

"Nimekuacha mpira kwa... nimeacha mpira kwa ajili yako," alisema, ulimi ukateleza, akarekebisha. "Wanawake wengine wangefurahi."

Laiti angenyamaza. Misuzu alihisi hasira zikimpanda, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi, huruma. Kama kweli huyu mtu alikuwa anaukata mguu wake mwenyewe ili amridhishe baba, basi ndoa yao ingekuwa deni la kulipa kila siku, kwa chai na kwa wali, mpaka kufa. Alimpenda mno kukubali hilo. Akafanya uamuzi pale pale, akiwa na koti lake.

"Mpigie kocha," alisema.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie unakwenda. Nitakungoja. Msimu mmoja, miwili, nitakungoja. Baba niachie mimi, atapiga kelele siku tatu halafu atatulia. Ukitaka nije nikae huko na wewe, nitakuja. Huko hakuna samaki? Nitauza huko. Nenda ukacheze, Ryogo. Mimi sikuzuii."

Alitegemea mambo mengi. Alitegemea amkumbatie, au alie, au abishe kwa heshima kidogo kisha akubali. Alikuwa hata amejiandaa kuumia atakapoona furaha yake. Akamtazama usoni kuitafuta ile furaha.

Haikuwapo. Uso wa Ryogo ulikuwa umepauka. Macho yake yalikwenda kwenye simu, yakatoka haraka, yakaenda dirishani kwenye uwanja uliofunikwa theluji, yakatoka na huko. Alikuwa mtu aliyefunguliwa mlango ambao siku zote aliapa kwamba umefungwa, na hana pa kujificha.

"Hutaki," Misuzu alisema taratibu.

"Siyo kwamba sitaki..."

"Hutaki kwenda. Nimekuruhusu, na hutaki." Alisogea karibu. "Ryogo. Mimi siyo sababu kabisa, eti?"

Ryogo alikuna bandeji ya kidole. Nje, gari la kusukuma theluji lilipita likiguna, likaishia.

"Kuna dogo mmoja," alisema hatimaye. "Winga wa timu moja tuliyocheza nayo hapa nyumbani. Miaka kumi na tisa, hata ndevu hana. Alinipita kwenye mstari. Sikuteleza, sikuumia, jua halikuwa machoni. Alinipita tu, akapiga krosi, wakafunga."

"Watu wanapitwa."

"Wanapitwa. Nimepitwa mara nyingi. Zamani mtu akinipita, silali. Chakula hakipandi. Jina lake nalikariri, mguu anaoutumia naujua, marudiano namsubiri kama mdai. Wewe hukunijua wakati huo, nilikuwa mtu mbaya sana siku za Jumapili." Alicheka bila sauti. "Yule dogo aliponipita, nilisimama. Nikasema moyoni, mzuri huyu. Basi. Kama shabiki aliyekata tiketi. Nikarudi nyumbani nikalala fofofo."

"Hilo tu?"

"Unasema hilo tu! Nilipoamka asubuhi na kuona nimelala, ndipo nilipoogopa. Nilipima kila mechi iliyofuata, labda hasira zitarudi. Hazikurudi. Mwili upo, Misuzu, daktari anausifia. Ndani hamna mtu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Nishimine wa timu yetu aliacha kwa sababu ya goti, wakamwimbia uwanja mzima. Kipa wetu aliachwa na klabu, watu wakaitukana klabu, yeye wakamnunulia bia. Mchezaji akiacha lazima awe na kitu cha kuonyesha. Mimi ningeonyesha nini? Niseme, jamani, sikasiriki tena? Wangenicheka. Nilikuwa na wewe tu wa kuonyesha."

Alisema hivyo bila kupamba, na Misuzu aliumia. Lakini ilikuwa mara ya kwanza tangu gazeti litoke kwamba kifua chake kilipumua sawasawa. Hakuwa mwizi wa beki wa mtu. Akasukuma simu mezani hadi mbele ya Ryogo.

"Mwambie kocha hivyo hivyo."

"Leo?"

"Sasa hivi. Nimechoka kuwa mdomoni mwako. Nitoe."

Ryogo alipiga. Aliweka simu mezani, sauti wazi, ili asilazimike kuishika.

"Shiiba!" sauti nzito ilisema. "Umebadili mawazo! Nilijua tu. Yule binti kakubali?"

"Yule binti kakubali, Kocha. Mimi ndiye sikubali. Nilikudanganya. Siyo yeye, wala siyo baba yake. Nimekwisha."

"Nani kasema umekwisha? Si unakimbia bado?"

"Nakimbia. Ila mtu akinipita sikasiriki."

Kocha Uemura alikuwa amecheza beki miaka yake, na hakuuliza maana yake.

"Tangu lini?" aliuliza, kwa sauti nyingine kabisa.

"Mwezi wa sita."

"Lo. Pole, mwanangu. Au hongera. Sijui watu wanasema lipi. Mimi ilinichukua miaka miwili kumwambia mtu. Lala vizuri."

Simu ikakata. Ryogo alifunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kumtikisika, akalia kama mtu aliyefiwa ambaye alikuwa anangoja wageni waondoke. Misuzu alikuwa ameshanyoosha mkono kumgusa mgongoni. Mkono ukaishia njiani.

"Mwezi wa sita," alisema.

Ryogo alifuta macho. "Ndiyo."

Mwezi wa sita. Aliikumbuka jioni ile. Walikuwa wamefungwa vibaya, na Ryogo alikuja kula kwao akala bakuli mbili za wali na kumtania mama. Misuzu alikuwa amelala akiwa na furaha, akijiambia kwamba mapenzi yanamtuliza huyu mtu.

"Uliniposa mwezi wa nane. Siku ya fataki."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo nilikuwa nakuuzia makareli miaka yote ile hujaniona. Mpira ulipokutupa ndiyo ukaniona."

Angeweza kusema uongo, na Misuzu alimwona akiutafuta. Kisha aliuacha.

"Nilikuona tangu siku ya kwanza," alisema. "Nilikuweka pembeni. Mpira nilijua una mwisho, kwa hiyo niliukimbilia. Wewe nilidhani huna mwisho."

"Hilo ndilo neno baya kuliko yote uliyoniambia leo."

"Najua."

Machozi yalimtoka Misuzu, ya hasira zaidi kuliko ya uchungu. Alivua pete ya uchumba. Ilikataa kwenye kiungo cha kidole, akaivuta kwa nguvu, akaiweka mezani kati yao. Ryogo aliitazama asithubutu kupumua.

"Ile ya mwezi wa nane siihesabu," Misuzu alisema. "Wakati ule ulikuwa unajificha, nami sikujua nimefanywa kabati la kujifichia. Kama unanitaka, niombe upya. Ila sitaki kusikia mpira ndani yake. Hata neno moja."

"Sawa." Ryogo alikaa wima, magoti pamoja, kama mbele ya wazee. Akakohoa. "Misuzu, tangu nikiwa mdogo nimecheza..."

"Hapana."

"Ngoja. Misuzu, sasa kwa kuwa nimeacha..."

"Hapana."

"Mimi na wewe tutakuwa timu..."

"Ryogo!"

Alifunga mdomo. Misuzu alimwangalia akihangaika, na akaona kwa mara ya kwanza jinsi alivyokuwa hana maneno mengine. Aliyoyajua yote aliyajifunza uwanjani, na leo alikuwa ameambiwa ayaache mlangoni. Ilimchukua muda mrefu. Misuzu hakumsaidia.

"Asubuhi nikiamka sijui mimi ni nani," Ryogo alisema mwishoni. Hakumtazama, alikuwa anaitazama meza. "Nakaa kitandani naogopa. Halafu nakumbuka kwamba dukani kwenu mnafungua mapema, na wewe utakuwa pale, utanisema kwa jambo fulani. Ndipo nainuka. Sina zaidi ya hapo. Ningekuwa na zaidi ningekupa. Nioe, Misuzu... nikuoe. Sijui inavyosemwa. Tafadhali."

Misuzu alikuwa amekusudia kumngojesha wiki nzima. Alistahili wiki nzima, hata mwezi, na baba bado alikuwa nyumbani na mkia wake mezani, akingoja kuambiwa kwamba hakuna mchezaji yeyote aliyeacha chochote kwa ajili ya duka la Hamatani. Hayo yote aliyajua. Akaunyoosha mkono wake juu ya meza, vidole wazi, na Ryogo alishindwa kumvisha pete mara mbili kabla haijaingia.